Meno ya Bibi wa Chumba cha Nyuma

Jioni ile Mwanya alitumwa kuanua nguo.

Ilikuwa kazi ndogo tu. Mama Mwenyeji alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Kamba ya nguo ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kijia chembamba kilichobanwa kati ya ukuta wa jirani na dirisha la chumba ambacho Mwanya hakuwahi kukiona kikifunguliwa. Mwanya alichukua kapu, akavaa kandambili za mlangoni, akatoka.

Alikuwa bado mgeni kabisa katika nyumba hiyo. Alikuwa binti mrefu, mcheshi, mwenye mwanya kati ya meno mawili ya mbele. Alikuwa ameurithi kwa mama yake, na kwao kila mtu alimwita kwa jina hilo tangu utotoni, hadi walimu wakasahau jina la kwenye cheti. Huku ugenini hakuna aliyelijua. Huku alikuwa "mgeni wetu", basi. Alikuja kujifunza kutengeneza meno bandia kwa mwaka mmoja, na chuo kilimpangia kukaa na familia ili azoee lugha na maisha ya watu wa pale.

Alianua mashati. Akaanua mashuka. Giza lilikuwa linaingia, lile giza la mwanzo ambalo bado unaiona mikono yako lakini huoni ulichokiangusha. Harufu ya udongo mbichi ikampiga puani, ingawa mvua ilikuwa haijadondoka hata tone.

"Mwanya…"

"Abee!"

Aliitikia kabla hajafikiri, kama unavyoitikia mama yako akikuita kutoka chumba cha pili. Kisha akasimama tuli, shuka mikononi.

Sauti ilikuwa imetoka dirishani. Ilimwita kwa jina la kwao, tena kwa lafudhi ya kwao, katika mji ambao tangu afike hakuwahi kukutana na mtu hata mmoja anayesema lugha yake.

"Umechoka, mwanangu?" sauti ikauliza. Ilikuwa laini, yenye majimaji, kama ya mtu anayeongea huku anamung'unya kitu.

 Mwanya aliliacha shuka la mwisho likining'inia, akaingia ndani mbiombio, kapu likimgonga magotini.

"Mama," alisema kwa lugha ya pale, ambayo bado ilimkwama kooni kama mfupa. "Chumba cha nyuma… kuna nani?"

Mama Mwenyeji hakugeuka. Aliendelea kukanda unga.

"Bibi. Mama yangu mzazi. Ni mgonjwa, hapendi kuonwa."

"Anajua lugha ya kwetu?"

Hapo Mama Mwenyeji akacheka, kicheko kifupi, kikavu.

"Bibi hana hata jino moja, mwanangu. Hata sisi hatumwelewi anachosema. Utakuwa umesikia upepo."

Hakukuwa na upepo.

Tuseme ukweli, watu wale walikuwa wema. Hilo ndilo lililomfanya Mwanya ajiambie kwamba amechoka tu, kwamba upweke unamchezea akili. Baba Mwenyeji alikuwa mpaka rangi wa majumba, mtu mpole mwenye madoa meupe kwenye nyusi. Kabla Mwanya hajafika alikuwa amekipaka chumba chake rangi ya samawati hafifu, na alipomwona ameipenda, akatabasamu siku nzima. Mama Mwenyeji alimwekea chakula pembeni akichelewa, akamfulia, akamrekebisha maneno bila kumcheka.

Na palikuwa na ya kuchekesha. Katika lugha ya pale, neno la "kijiko" na neno la "mume" yanakaribiana sana. Siku ya kwanza mezani Mwanya alisema kwa heshima zote, "Samahani, naomba mume msafi." Baba Mwenyeji alicheka hadi akapaliwa na supu. Tangu hapo kila wakila alikuwa akimpa kijiko na kusema, "Haya, mgeni wetu, mume wako huyu. Nimemwosha mwenyewe."

Ndiyo maana Mama Mwenyeji alipomwomba lile jambo, Mwanya hakuweza kukataa.

Walikuwa wanakunja nguo. Mama Mwenyeji alishika soksi moja muda mrefu, kama amesahau inakwenda wapi.

"Wewe unatengeneza meno," alisema.

"Najifunza, Mama."

"Mtengenezee Bibi. Hali kitu. Kila nikimpelekea chakula anakirudisha vilevile. Hataki daktari, hataki mtu wa nje…" Machozi yakaanza kumtoka. "Wewe si mtu wa nje tena."

Neno hilo lilimgusa Mwanya pale palipokuwa panauma. Tangu atoke kwao hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Kesho yake, jioni, kwa kuwa Bibi aliamka jioni tu, waliufungua mlango wa chumba cha nyuma.

Harufu ikatoka kwanza. Udongo mbichi. Na chini yake kitu kitamu, kama tunda lililosahauliwa kabatini. Hakukuwa na taa. Baba Mwenyeji alishika tochi, lakini uso aliugeuzia ukutani.

Bibi alikuwa ameketi kitandani. Mdogo, mkavu, kama kifurushi cha nguo kuukuu. Shuka lilimfika kidevuni.

"Shikamoo, Bibi," Mwanya alisema kwa lugha ya kwao. Hakujua kwa nini.

Bibi akafungua kinywa.

Fizi zake zilikuwa laini kama za kichanga. Hazikuwa na kovu, wala dalili kwamba pale paliwahi kuwa na jino. Mwanya alikoroga unga wa kupimia fizi, akaujaza kwenye kijiko kipana cha chuma, akakiingiza kinywani mwa Bibi taratibu kama alivyofundishwa, akabana na kusubiri ugande.

Kinywa kilikuwa baridi.

Na ulimi… ulimi ulikuwa unamtafuta. Ulikipapasa kidole chake, ukakizunguka, ukakionja. Bibi alikuwa akivuma kooni, mvumo wa chini, na Mwanya alishtuka kugundua kuwa anaujua. Ulikuwa wimbo ambao mama yake alimwimbia akimlaza, wimbo usio na maneno, wa nyumba yao peke yao.

Aliuchomoa mkono. Akavifunga vipimo kwa kitambaa chenye maji, akatoka bila kuaga.

Nyuma yake, katika giza, sauti ya majimaji ikanong'ona:

"Asante, mwanangu."

Kwenye karakana ya chuo, mwangani, mambo yalionekana ya kawaida. Palinuka plasta na nta ya moto, mashine ya kusagia ilipiga kelele pembeni, wanafunzi wenzake walitaniana. Mwanya alimimina plasta kwenye vipimo, akapata umbo la fizi za Bibi, akaanza kupanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine. Alikuwa amezoea kuhangaika. Safari hii mikono ilikwenda yenyewe, bila kusita, huku mawazo yakiwa mbali.

Msimamizi wa karakana, mzee mwenye miwani iliyotandwa na vumbi la plasta, alisimama nyuma yake na kuiangalia kazi.

"Nzuri sana," alisema. "Lakini mbona bibi kizee umempa mwanya?"

Mwanya akatazama.

Meno mawili ya mbele yalikuwa yameachana. Jino la pembeni, upande wa kushoto, lilikuwa limemeguka kidogo, kama lake lilivyomeguka alipoanguka kwenye ngazi za shule. Na jino moja la chini lilikuwa limelala, kama lake. Vilikuwa vinywa viwili kutoka tumbo moja, hiki cha nta na hiki chake.

"Usihofu," msimamizi akasema, akimpiga begani. "Kila fundi mwanzoni hutengeneza mdomo anaoujua. Umekumbuka nyumbani, hayo tu. Yabadilishe."

Alijaribu kuyabadilisha. Alijaribu mchana kutwa. Kila alipoyasogeza pamoja, akigeuka kuchukua kisu na kurudi, mwanya ulikuwepo. Jioni akachoka. Akajiambia ni meno tu, Bibi mwenyewe hana kioo, bora ale. Akayamalizia kwa plastiki, akayang'arisha, akayapeleka.

Bibi aliyapokea kwa mikono miwili. Aliyavaa mwenyewe, bila kuelekezwa, kama mtu anayevaa viatu vyake. Yakaingia mahali pake kwa mlio mdogo.

Tk.

Kisha akatabasamu. Na katika mwanga wa tochi, Mwanya akaliona tabasamu lake mwenyewe kwenye uso wa mtu mwingine.

Wiki zilizofuata watu walimsifu. Lugha ya pale ilimfunguka mdomoni kama bomba lililozibuliwa. Asubuhi moja aliamka akiisema bila kutafuta maneno. Alitania sokoni, akabishana na kondakta, akaelewa hata minong'ono ya wazee. Msimamizi alisema hajawahi kuona mwanafunzi aliyezoea haraka namna ile. Baba Mwenyeji peke yake ndiye hakufurahi. Mezani Mwanya aliomba kijiko kwa lafudhi safi kabisa, na Baba akampa bila utani, macho yakiwa kwenye sahani.

Jumapili alimpigia mama yake simu.

"Mbona umepiga tena?" mama yake aliuliza, akicheka. "Jana tumeongea hadi sikio likaniuma."

Mwanya hakuwa amepiga jana. Alitaka kusema hivyo. Maneno aliyajua, aliyaona kichwani, yamepangika. Akafungua kinywa.

Ikatoka lugha ya pale.

"Haloo?" mama yake akasema. "Haloo? Wewe nani?"

Akajaribu tena. Alitaka kusema, Mama, ni mimi. Neno dogo kuliko yote, neno la kwanza ambalo kila mtoto hulisema. Lilifika nyuma ya meno, likageuka, likatoka geni.

"Sikuelewi, dada yangu. Mrudishie mwanangu simu yake." Simu ikakatwa.

Alipiga tena, haikupokelewa. Aliandika ujumbe kwa kaka yake, akausoma kabla ya kuutuma. Vidole navyo vilikuwa vimeandika lugha ya pale. Akautuma hivyohivyo. Jibu likaja: "Nani wewe? Mrudishie dada yangu simu yake."

Jioni hiyo alisimama kwenye korido, miguu peku, karibu na mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Baba Mwenyeji alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, ameshika simu yake sikioni mwa Bibi. Ni kweli, namba ya mama yake Mwanya alikuwa amewaachia yeye mwenyewe siku ya kwanza, ikitokea dharura.

Na Bibi alikuwa anaongea.

"Hapana, mama, sina tabu. Watu wema hawa…" Ilikuwa sauti ya Mwanya. Kicheko cha Mwanya. Hata kale kakikohozi kake kabla ya kuomba kitu. "Lakini nimekukumbuka mno. Njoo basi. Wameshakutayarishia kila kitu, tiketi ya kesho alfajiri na vyote. Chumba kipo. Kitanda kipo. Utakuja, mama?"

Bibi akategea sikio. Kisha, hafifu, kutoka ndani ya simu, sauti ya mama yake:

"Nakuja, mwanangu. Si umenibembeleza vya kutosha?"

Bibi akageuza kichwa taratibu. Akamtazama Mwanya kupitia upenyo wa mlango.

Akatabasamu.

Baba Mwenyeji naye alimwona. Midomo yake ikacheza, kama anayetaka kusema kitu.  Kisha akainamisha kichwa, akaendelea kushika simu.

Mwanya alimkuta Mama Mwenyeji jikoni, anamenya viazi. Alimshika mkono wenye kisu.

"Bibi ni nani?"

"Nilikwambia. Mama yangu."

"Nani, Mama?"

Mama Mwenyeji aliweka kisu chini. Alionekana mzee ghafla, kama mtu aliyetua mzigo na ndipo akahisi uzito wake.

"Mimi nami nilikuja hapa kwa mwaka mmoja tu," alisema polepole. "Nilikuja kujifunza ushonaji. Yeye, Baba, alikuja kabla yangu, kusomea uchoraji ramani. Tulipokewa vizuri. Nyumba ilikuwa na bibi mwingine wakati huo, na mwenyeji mwingine. Walinizoesha. Nikazoea. Siku moja nikaamka, kwetu kukawa kumefutika mdomoni." Akasukuma maganda pembeni. "Kisha mama yangu akaja kunitembelea. Sikumwita mimi. Sauti yangu ndiyo ilimwita. Aliingia kile chumba kwa miguu yake, amebeba zawadi, anacheka. Hakutoka tena alivyoingia."

"Kwa hiyo huyo…"

"Mwili ni wake. Kilichomo, sijui. Hakuna anayejua, hata waliotutangulia hawakujua. Kinavaa akina mama. Kikiwachosha, meno yanaanguka, sauti inakufa, kinataka mwingine." Alimtazama Mwanya usoni kwa mara ya kwanza. "Nilikupenda kweli, mwanangu. Hiyo haikuwa hila."

"Yaondoe! Yale meno, yatoe!"

"Siwezi. Ana uso wa mama yangu."

Akachukua kisu, akashika kiazi kingine.  Alinong'ona akitazama maganda:

"Mchana analala. Meno anayaweka kwenye kikombe, chini ya kitanda. Mimi sijakwambia kitu."

Mwanya hakwenda chuoni asubuhi iliyofuata. Alisubiri jua lipande, nyumba itulie, Baba Mwenyeji abebe ngazi yake aende kazini. Akausukuma mlango wa chumba cha nyuma.

Mchana Bibi alikuwa bibi tu. Ajuza aliyelala chali, midomo imebonyea, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Mwanya aliingia kwa magoti, akapapasa chini ya kitanda kwenye vumbi, akakigusa kikombe. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Meno yalikuwa ndani.

Alipoyashika, yalimbana kidole.

Hayakumng'ata, yalimbana tu, kama mtoto anavyoshika kidole cha mama yake. Aliyafunga kwenye leso huku akiuma shavu asipige kelele, akatoka, akakimbia njia nzima hadi karakana.

Wanafunzi walikuwa mapumzikoni. Aliwasha mashine ya kusagia, akayaweka meno kwenye jiwe linalozunguka.

Yalilia.

Wengine wangesema ni mlio wa mashine. Lakini Mwanya aliisikia sauti yake mwenyewe ikilia, kwanza kama mtu mzima, kisha kama msichana, kisha kama kichanga. Kila jino lililosagika lilimchoma kinywani mwake palepale. Damu ilimtiririka kidevuni. Hakuacha. Alisaga mwanya, akasaga jino lililomeguka, akasaga fizi za plastiki hadi likabaki vumbi la waridi juu ya meza, na mashine ikawa inazunguka bure.

"Mama," akasema.

Lilikuwa neno la kwao. Lilitoka.

Akalia pale chini kama mtoto, akilirudia na kulirudia. Kisha akapiga simu. Ya mama yake haikupatikana. Kaka yake ndiye aliyepokea.

"Mwanya! Sauti imekukauka, unaumwa? Mama nimemsindikiza alfajiri. Sasa hivi yuko angani, atafika huko jioni. Si mlipanga wenyewe?"

Alirudi kuchukua begi lake. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, madirisha wazi, mapazia yamefunguliwa. Bibi alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni. Mama Mwenyeji alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda, macho yamevimba, lakini uso wake ulikuwa na utulivu wa ajabu.

"Ameniita," alisema. "Kabla ya kukata roho. Kwa jina langu la kwetu. Alikuwa yeye. Alikuwa mama."

"Twende, Mama," Mwanya alimwambia. "Ondoka nami."

"Niende wapi? Nani atanielewa?" Akamshika kiganja, akakibana. "Wewe kimbia. Kile hakikufa naye. Nilikisikia kikitoka, kilipita hapo mlangoni kama mtu mwenye haraka."

"Kimekwenda wapi?"

Mama Mwenyeji aliinamia shuka, akalinyoosha. Mwanya alilazimika kuuliza tena.

"Kwa aliyekizoea," alisema. "Kwa anayekiongelesha kila siku."

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa. Taa nyeupe, vigurudumu vya mabegi, matangazo yasiyokwisha. Mwanya alisimama kwenye kizuizi cha chuma, akitazama kila uso unaotoka, akiyarudia moyoni maneno atakayosema: mama, usiulize kitu, tunarudi leo hii, nitakueleza njiani.

Akamwona.

Mama yake alikuwa amejifunga kitenge chake cha safari, begi kubwa mkononi, anaangaza huku na huku kama mtu aliyeshushwa soko asilolijua. Alikuwa mama yake yuleyule. Mwendo ule, bega lile la kushoto lililoshuka. Mwanya alisahau uoga wote. Alipita chini ya kizuizi, akamkumbatia, akaivuta harufu yake, mafuta ya nywele na sabuni ya nyumbani. Hakukuwa na harufu nyingine. Alinusa tena kuhakikisha. Hakuna.

"Mama! Mama yangu! Umefika salama?"

Mama yake akamshika mashavu kwa mikono miwili. Akatabasamu.

Akajibu. Alisema amefika salama, asante, safari ilikuwa ndefu lakini njema, na twende nyumbani sasa, tusiwaweke watu.

Alisema hayo yote kwa lugha ya pale.

Kwa lafudhi safi kabisa, mama ambaye hadi safari hii hakuwahi kutoka nje ya nchi yake, na hakuwahi kujifunza hata neno moja la lugha ile.

Mwanya hakumpeleka kwenye ile nyumba. Alimrudisha kwao, kwa safari ya kwanza iliyopatikana, amemshika mkono njia nzima bila kumwachia. Wengi walimlaumu kwa kuacha masomo. Aliwaambia mama ameugua.

Na kweli kila mtu aliona kuwa ameugua. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, kuna watu hupoteza usemi hivyo. Anakula, anaoga, anafagia ua kama zamani. Anaelewa kila anachoambiwa. Ila akisema, hakuna anayemwelewa isipokuwa Mwanya. Hivyo Mwanya akawa mkalimani wa mama yake mzazi, nyumbani kwao wenyewe. Majirani wakija, mama anasema neno, wote wanamgeukia binti.

"Anasema karibuni."

"Anasema mguu umepoa, anashukuru."

Juzi kaka yake alikuja na mkewe, na mtoto wao wa kwanza, kitoto cha kike kinachoanza kutembea kwa kushika kuta. Jioni ilikuwa inaingia. Mama alikipakata, akakichezesha magotini, akakichekesha. Kisha akakifungua kinywa taratibu kwa kidole gumba, akachungulia ndani muda mrefu. Akasema kitu, kwa sauti ya upole.

"Amesema nini?" wifi akauliza, akitabasamu.

 Mama alikuwa ameinua macho, anamtazama Mwanya, anasubiri kusikia atakavyotafsiri.

"Anasema mtoto kafanana na baba yake," Mwanya akajibu.

Akanyanyuka, akamchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akawaambia wageni waanze safari mapema kabla giza halijakolea. Walishangaa, lakini waliondoka. Aliwasindikiza hadi barabarani, mtoto kamlalia begani.

Mama alikuwa ameuliza swali. Aliuliza kama mtoto huyo ameshaanza kusema.